Kuhani, Mkoma na Tangazo la Serikali



Alhamisi ya juma lililopita, baada ya Misa ya jioni, mama mmoja wa parokia yetu alitufuata hadi mlangoni pa sakristia akiwa na kipande cha karatasi mkononi. Mama huyu huuza viungo hapa Kariakoo, karibu na Mtaa wa Mkunguni, kazi aliyoirithi kwa baba yake. Karatasi ile ilitoka shuleni kwa binti yake mwenye umri wa miaka 9, nayo iliwaarifu wazazi kwamba wauguzi wangefika kutoa chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi. Alitaka kujua la kufanya. Tulimjibu upesi, kama tulivyozoea kujibu mambo ya namna hiyo, kwamba afuate maelekezo ya wataalamu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: “Baba Paroko, mwaka ule ndivyo ulivyomwambia marehemu baba.”

Hatukuwa na jibu. Tulimwomba atupe siku chache, naye akakubali kwa adabu ile ya watu wa sokoni, ambao humpa mteja muda wa kufikiri lakini hawasahau bei waliyoitaja. Tafakari ya juma hili imetokana na deni hilo. Tunaiandika kwa ajili yenu nyote kwa kuwa tunajua swali si lake peke yake. Tulipokeeje tangazo la Serikali kuhusu afya zetu, sisi ambao tumekwisha kusikia tangazo moja likisema hapana na jingine likisema ndiyo juu ya jambo lile lile?

Tuanzie mbali kidogo. Wengi wetu tukifika Kitabu cha Mambo ya Walawi huruka sura ya 13 na ya 14, maana zimejaa vidonda, upele, nywele zilizogeuka rangi na kuta zilizoota ukungu. Hata hivyo sura hizo zina jambo la ajabu. Anayetumwa kumkagua mgonjwa ni kuhani, wala hatumwi kumponya. Kazi yake ni kutazama, na akiwa na shaka, kumtenga mtu siku saba, kumtazama tena, na ikibidi kumtenga siku saba nyingine, kisha kutangaza. Haruhusiwi kutangaza kabla ya kutazama, wala haruhusiwi kutazama kisha akanyamaza. Na Bwana wetu mwenyewe, katika Injili ya Luka sura ya 17, alipokutana na wale wakoma kumi aliwatuma wakajioneshe kwa makuhani. Angeweza kuwaruhusu waende zao nyumbani, lakini alitaka uponyaji wao upite mbele ya mtu mwenye dhamana ya kuuthibitisha hadharani.

Kuna kipengele kingine katika sura ya 14 ambacho sisi hatukukiona kwa miaka mingi. Nyumba ikishukiwa kuwa na pigo, kuhani anaagiza vyombo vitolewe kwanza, kabla hajaingia kukagua, ili mwenye nyumba asipoteze kila kitu endapo nyumba itatangazwa kuwa najisi. Sheria ile ilijua kwamba tangazo la ugonjwa lina hasara. Haikujifanya kwamba mwenye nyumba hana cha kupoteza. Ilimpunguzia hasara, kisha ikatangaza.

Tunayasema haya kwa kuwa hofu ya hasara ndiyo mama wa ukimya mwingi. Mtawala anafikiri juu ya watalii, juu ya mipaka itakayofungwa, juu ya bei ya mazao na jina la nchi. Hofu hizo si za kipuuzi. Yeyote anayeishi Kariakoo anajua kwamba uvumi wa asubuhi unaweza kuua biashara ya mchana. Lakini mambo yaliyotupata katika nchi yetu yametuonesha kwamba ukimya nao hutoza gharama, tena humtoza asiyekuwa na akiba.

Tukumbuke Desemba 2016. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, wakati huo ikiongozwa na Dakta Mwele Malecela, ilieleza mbele ya waandishi wa habari kwamba katika uchunguzi wake watu 533 walipimwa na 83 miongoni mwao walikutwa na dalili za kuwahi kuambukizwa virusi vya Zika. Kesho yake Wizara ya Afya ilisema hakuna mlipuko wa Zika nchini, na Rais akatengua uteuzi wa Dakta Mwele. Sasa fikirini, wapendwa: kauli zote mbili zingeweza kuwa za kweli kwa pamoja. Kukuta alama za virusi katika damu ya watu si sawa na kusema kuna mlipuko. Aidha, vipimo vya namna hiyo vinaweza kuchanganya Zika na dengi, maana virusi hivyo ni ndugu, na dengi tunaifahamu vizuri sana sisi wa Dar es Salaam tuliougua mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Hayo yangeweza kujadiliwa mezani na wataalamu, kwa hoja na kwa vipimo vya kurudia, kama kuhani wa Walawi anayerudi baada ya siku saba. Badala yake aliyeondolewa ni aliyetazama.

Cha kusikitisha zaidi ni kwamba habari yenyewe haikuwa ngeni. Virusi vya Zika viligunduliwa mwaka 1947 katika msitu wa Zika karibu na Entebbe, nchini Uganda, na kufikia mwaka 1952 watafiti walikuwa wamekwisha kuona alama zake katika damu ya watu wa Uganda na wa Tanganyika. Miaka hiyo hiyo ya 1952 na 1953 huko Newala palizuka homa iliyowakunja watu viungo, ikatangazwa kwa ulimwengu wote kwa jina la Kimakonde, chikungunya, na hadi leo madaktari wa India na wa Brazili hulitamka neno hilo la Wamakonde pasipo mtu yeyote kuiona Newala kuwa ni mahali pa aibu. Dakta Mwele alikwenda kulitumikia Shirika la Afya Duniani, akaiongoza mjini Geneva idara ya magonjwa yasiyopewa kipaumbele, yakiwamo matende na mabusha aliyoyapigania hapa nyumbani, na huko alifariki Februari 2022. Apumzike kwa amani.

Wengine waliobaki maabara walijifunza nini? Hatuhitaji kubahatisha sana. Mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilirekebishwa hata ikawa kosa kutangaza tarakimu zinazopingana na zile rasmi. Mwaka 2019 ikalegezwa baada ya malalamiko ya ndani na ya nje. Septemba 2019, baada ya mwanamke mmoja kufariki hapa Dar es Salaam akishukiwa kuwa na Ebola, Serikali ilisema si Ebola, lakini Shirika la Afya Duniani likatoa taarifa ya wazi kwamba halikupewa maelezo ya vipimo liliyoyaomba. Inawezekana kabisa Serikali ilisema kweli. Lakini mwenye kusema kweli huku amefunga daftari humwachia jirani nafasi ya kutia shaka.

Kisha ikaja corona. Hapa ndipo tunapopaswa kusema juu yetu wenyewe, na tutasema.

Tukiri kwanza kwamba mwanzo ulikuwa mzuri. Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza, akasema alitoka wapi na alifikia wapi. Shule zikafungwa. Ndoo za maji tiririka zikasimama kila mlango wa duka tangu Msimbazi hadi Gerezani, na mafundi cherehani wakaanza kushona barakoa za kitenge. Watu waliogopa, lakini walijua wanachokiogopa. Tarehe 22 Machi, katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo mjini Dodoma, Rais Magufuli alisema kwamba makanisa na misikiti haitafungwa, na kwamba kirusi hicho ni shetani ambaye hawezi kukaa katika mwili wa Kristo. Wengi wetu mapadre tulifurahi kusikia milango haitafungwa. Hatukujiuliza sana juu ya sehemu ya pili ya maneno yale, ingawa ilihusu Ekaristi na sisi ndio tuliosomea mambo hayo. Imani yetu inafundisha kwamba Kristo yumo kweli katika maumbo ya mkate na divai. Haijapata kufundisha kwamba mate ya aliyekuja kukomunika hubadilika.

Tarehe 3 Mei, akiwa Chato, Rais alieleza kwamba sampuli za papai na za mbuzi zilipelekwa maabara ya taifa kwa majina ya watu, na baadhi ya majibu yakarudi yakionesha maambukizi. Mkurugenzi wa maabara akasimamishwa kazi. Tuseme wazi: kuijaribu maabara kwa sampuli za mtego si dhambi. Maabara zote nzuri hujaribiwa hivyo, na kipimo kinachokosea kinapaswa kujulikana. Lakini mfanyabiashara akigundua mizani yake imepotoka hupeleka mizani kurekebishwa. Hasemi kwamba tangu leo hakuna kupima. Sisi tuliacha kupima mbele za watu. Takwimu ziliishia kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na tarakimu hizo zikakaa hapo zaidi ya mwaka mmoja, kama saa ya ukutani iliyosimama ambayo kila mgeni huitazama na hakuna mwenyeji anayeisogelea.

Hapa Kariakoo hapakuwa na ukimya, bila shaka. Soko halijui kunyamaza. Mahali pa taarifa palijazwa na bei: tangawizi ikapanda, malimau yakapanda, vitunguu swaumu vikapanda, na mtu aliyetaka kujua hali ya ugonjwa mjini alitazama vikapu vya watu. Mapema Februari 2021 Waziri wa Afya wa wakati huo, Dakta Dorothy Gwajima, alipoonesha mbele ya waandishi namna ya kutengeneza kinywaji cha viungo vya aina hiyo, wauza viungo wetu walikuwa wamekwisha kujua siku nyingi kwamba wimbi jipya limefika. Hatuwacheki waliojifukiza. Yoshua bin Sira katika sura ya 38 anasema Bwana ndiye aliyezitoa dawa katika ardhi, na mtu mwenye busara hazidharau. Lakini sura hiyo hiyo inamtaka mgonjwa asali na pia ampe tabibu nafasi yake. Haisemi achague kimoja.

Baba yake mama yule alikuwa mzee wa kwaya yetu, sauti ya nne, mtu ambaye kwa miaka yote tuliyomjua hakukosa mazoezi hata siku ya mvua za masika Jangwani ilipojaa maji. Katikati ya Januari 2021 alitujia ofisini. Alikuwa na kisukari. Akauliza: “Baba, nivae barakoa kanisani, au nitaonekana sina imani?” Wakati huo karibu hakuna aliyevaa, sisi nasi tukiwamo. Tukamwambia tusali, na tufuate maelekezo ya Serikali. Maelekezo yapi? Siku hizo hayakuwapo. Tulijibu kwa sentensi iliyosikika kuwa ya busara na ambayo ndani yake hamkuwa na kitu.

Tarehe 26 Januari mwaka huo huo, Rais wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, Askofu Mkuu Gervas Nyaisonga, aliandika barua ya kutahadharisha kwamba wimbi jipya la ugonjwa lilikuwa likiisumbua dunia na kwamba nchi yetu haikuwa imejitenga na dunia hiyo. Akahimiza sala na tahadhari kwa pamoja. Kesho yake tu, Rais wa nchi alisema huko Chato kwamba chanjo hazifai na akaionya Wizara isizikimbilie. Nakala ya barua ya Baba Askofu ilitufikia. Tuliisoma mara mbili. Kisha tuliiweka kwenye droo, tukisubiri kuona parokia jirani zitafanyaje. Tuliisoma altareni majuma mawili baadaye, na kwa wakati huo mzee wa kwaya alikuwa wodini, katika hospitali moja ya jiji, akisaidiwa kupumua kwa oksijeni. Alifariki juma lililofuata. Kwenye matangazo ya Misa tuliandika kwamba ameitwa na Bwana baada ya kuugua kwa muda mfupi. Majirani walisema “changamoto ya upumuaji”, maneno ambayo nchi nzima ilijifunza kuyatamka kwa pamoja bila kufundishwa. Kitabu chetu cha marehemu kina kurasa za Februari na Machi za mwaka ule ambazo mpaka leo tukizifungua tunazipita haraka.

Hatusemi kwamba barakoa ingemwokoa. Hilo analijua Mungu. Tunasema kwamba alituuliza, na jibu lilikuwa ndani ya droo yetu.

Mwezi Machi Katibu Mkuu wa Baraza la Maaskofu, Padre Charles Kitima, alieleza hadharani kwamba katika muda wa miezi miwili Kanisa lilikuwa limepoteza mapadre zaidi ya 25, na masista kwa idadi kubwa zaidi. Ilimpasa mtu mmoja kusema tarakimu, naye alisema. Tarehe 17 Machi taifa likatangaziwa kifo cha Rais Magufuli, na tarehe 19 Mama Samia Suluhu Hassan akaapishwa. Akaunda kamati ya wataalamu, akasikiliza ushauri wao, na tarehe 28 Julai 2021, hapa Dar es Salaam, akachanjwa mbele ya kamera baada ya nchi kupokea dozi zaidi ya milioni moja kutoka Marekani kupitia mpango wa COVAX.

Sisi tulishukuru. Lakini wauza viungo wa Kariakoo walifanya hesabu yao, na hesabu ile ilikuwa sahihi kuliko tulivyopenda kukubali. Januari, sauti ya Serikali ilisema chanjo hazifai. Julai, sauti ya Serikali ilisema chanjo ni salama. Wizara ni ile ile, nembo ni ile ile, na katikati hakuna aliyesimama akasema: tulikosea, na sababu za kukosea kwetu ni hizi. Kubadili kauli si aibu. Daktari mzuri hubadili dawa akiona haifanyi kazi. Lakini humwambia mgonjwa kwa nini. Pasipo sababu hiyo, mtu wa kawaida hubaki akidhani kwamba ukweli wa dawa hutegemea nani yuko Ikulu. Pengo hilo likajazwa na wahubiri, akiwamo Askofu Josephat Gwajima, mbunge wa Kawe wakati huo, ambaye mahubiri yake dhidi ya chanjo yalimfikisha mbele ya kamati ya Bunge. Kumwita kwenye kamati hakukumrudishia mama wa Mkunguni imani yake.

Wala Kanisa letu halina ruhusa ya kutazama hayo kwa mbali. Mwaka 2014 Maaskofu Katoliki wa Kenya walipinga kampeni ya chanjo ya pepopunda kwa wanawake, wakisema sampuli walizozipima zilikuwa na homoni inayoweza kuzuia mimba. Serikali ya Kenya, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha. Ikaundwa kamati ya pamoja, ikafuata mivutano juu ya chupa zipi zilitoka wapi na nani alizifungua, na wanawake walioachwa katikati ndio wale wale ambao watoto wao wachanga hufa kwa pepopunda. Si kazi ya paroko wa mjini kuwahukumu maaskofu wa nchi jirani. Tunachojiruhusu kusema ni kwamba kuuliza swali lilikuwa jambo la haki, na kwamba swali la namna hiyo hupaswa kuulizwa maabara kabla halijapelekwa mimbarini. Uvumi ule ulivuka mpaka; tulikutana nao hapa sokoni, na baadhi ya walioubeba walikuwa wamevaa rozari.

Watu wa biashara mnielewe. Kila mwaka Wakala wa Vipimo hukagua mizani zenu na kuzipiga muhuri. Muhuri ule hauhakikishi kwamba muuzaji ni mtakatifu. Unahakikisha kwamba kilo ya leo ni kilo ya jana, na kwamba mteja ana mahali pa kulalamika. Wote tunajua lumbesa imepigwa marufuku mara ngapi na bado magunia yenye vilemba yanashushwa usiku. Kadhalika Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, iliyoanza mwaka 2003 ikiitwa TFDA na kubadilika kuwa TMDA mwaka 2019, inafanya kazi ngumu ambayo hatupaswi kuibeza. Lakini sote tumepita mbele ya meza ambapo krimu zenye zebaki zilizopigwa marufuku miaka mingi hutolewa chini ya khanga, na vidonge vya antibiotiki huuzwa viwili viwili kama pipi bila cheti cha daktari. Katazo lisilofuatwa na macho hulidhoofisha hata katazo lijalo. (Na muuzaji anayetusoma hapa, ambaye Jumapili hukaa benchi la tatu upande wa kushoto, anajua kwamba tunamsalimia.)

Tuna mfano wa karibu wa namna jambo hili linavyoweza kufanywa vizuri, kisha vibaya, kisha vizuri tena, katika mkoa ule ule. Machi 2023 kulitokea vifo vya ajabu Bukoba Vijijini. Tarehe 16 Serikali ilisema kuna ugonjwa usiojulikana. Watu wakashtuka, lakini tazameni ujasiri wa kauli hiyo: hatujui, tunachunguza. Tarehe 21 ikasema ni Marburg. Waliougua walikuwa 9, wakafa 6, na tarehe 2 Juni mlipuko ukatangazwa kuwa umekwisha. Wasafiri wa Kagera waliendelea kuja Kariakoo kununua bidhaa, nasi tuliwapokea, kwa kuwa tuliambiwa ugonjwa uko wapi na kwa hiyo tulijua pia haupo wapi. Januari 2025 ugonjwa ulirudi, safari hii Biharamulo. Tarehe 14 Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa ya washukiwa 9 na vifo 8. Wizara yetu ikasema sampuli zilizopimwa hazikuonesha Marburg. Tarehe 20, Rais Samia, akiwa na Mkurugenzi Mkuu wa Shirika hilo, Dakta Tedros Adhanom Ghebreyesus, alithibitisha kwamba mgonjwa amepatikana. Hadi mlipuko unatangazwa kwisha tarehe 13 Machi, watu 10 walikuwa wamehesabiwa kuugua na wote 10 walikuwa wamekufa. Siku zile sita zinaweza kuelezwa kwa uhalali wa vipimo. Sampuli ya leo inaweza kuwa safi na ya kesho isiwe safi. Kwa nini basi haikusemwa hivyo? Neno “bado” lingetosha. Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005, ambazo nchi yetu imezikubali, zinadai taarifa itolewe ndani ya saa 24 tangu tathmini ifanyike.

Sasa turudi kwa mama yetu. Jumanne tulikwenda kwenye meza yake. Tulisubiri amalize kumhudumia mteja wa mdalasini, kisha tukamwambia kwamba safari hii hatukuja na neno “fuata”. Tulikuwa tumewauliza wanaojua. Tukamweleza kwamba saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani za wanawake wa nchi hii, na kwamba karibu yote husababishwa na kirusi kinachoitwa HPV. Kwamba chanjo hii ilianza kutolewa nchini mwaka 2018 kwa dozi mbili, na tangu Aprili 2024 hutolewa dozi moja. Hapo akainua mkono. “Kwa nini walipunguza? Imeisha?”

Swali zuri. Lina jibu, na jibu lake lilitufurahisha kuliko tulivyotarajia. Kuanzia mwaka 2017, huko Mwanza, wasichana 930 wenye umri wa miaka 9 hadi 14 waligawanywa katika makundi, wengine wakapata dozi moja, wengine mbili, wengine tatu, na damu zao zikafuatiliwa kwa miaka. Matokeo yalichapishwa mwaka 2022, na yalionesha kwamba dozi moja huamsha kinga imara na inayodumu kwa miaka iliyofuatiliwa. Pamoja na tafiti nyingine, kazi hiyo iliisaidia dunia kuikubali dozi moja. Waliofanya utafiti huo walikuwa watafiti wa NIMR ya Mwanza pamoja na wenzao wa London. Ndiyo, NIMR ile ile. Mwaka mmoja tu baada ya mkurugenzi wake kuondolewa kwa kusema alichokiona, watu wake walikuwa wakihesabu matone ya damu kando ya Ziwa, kimya kimya, ili siku moja mtoto wa muuza viungo achomwe sindano moja badala ya mbili.

Mama alisikiliza. Kisha akauliza juu ya ile barua. Mtu fulani alimwambia kwamba tulikuwa nayo kabla baba yake hajaugua. Tukamwambia ni kweli. Tulikuwa tumeibeba ndani ya kitabu cha sala, tukamkabidhi. Aliisoma amesimama, akiwa na unga wa manjano vidoleni, hata pembe za karatasi zikapata rangi. Alipomaliza hakusema lolote kuhusu barua. Alisema tu kwamba Jumapili atakuja na binti yake, na kwamba maswali yake mengine atamuuliza muuguzi mwenyewe.

Kwa hiyo Jumapili hii, baada ya Misa ya pili, muuguzi kutoka kituo cha afya cha jirani atakuwa ukumbini kuzungumza na wazazi wote wenye mabinti wa shule ya msingi. Amekubali kukaa hadi swali la mwisho. WAWATA wataandaa chai.